Garimoshi Dogo Laendeshwa kwa Redio



Garimoshi la mvuke halijui mlima wala mteremko. Ukilifungulia mvuke kiasi fulani, kisha ukaliacha liende zake, basi lipandapo kilima hulegea na kuhema, na pengine husimama kabisa. Na literemkapo hukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Magarimoshi makubwa yana dereva ndani, naye huongeza mvuke penye mlima na kuupunguza penye mteremko. Lakini garimoshi dogo la kuchezea, lenye urefu wa mkono wa mtu, ambalo hata panya hapati nafasi ya kukaa ndani, dereva wake atakaa wapi?

Hilo ndilo swali la juma hili. Najua wengine mtasema, "Mambo ya garimoshi la kuchezea yatuhusu nini sisi wenye mashamba?" Ngojeni kidogo. Siku hizi watoto wetu wana simu mkononi, na katika simu hizo huona mambo yote ya dunia, mazuri na ya hovyo. Hapa Mbezi Luis vijana watatu wamekwisha kuniuliza juu ya magarimoshi madogo ya mvuke yaendayo bustanini kwa wazee wa Ulaya. Yawaka moto kweli, yatoa mvuke kweli, na mzee mwenyewe amekaa kitini mbali, ana rimoti mkononi, aliamuru garimoshi liende, lisimame, lirudi nyuma. Mmoja wa vijana hao alikuwa amekwisha kukusanya vifaa vyake: kopo la rangi la lita nne, bomba la shaba kutoka jokofu bovu, na rimoti ya gari la kuchezea lililovunjika. Akili ya mtoto huyo naisifu. Lakini kopo lake ndilo lililonifanya nishike kalamu, nanyi wazazi mtaona sababu yake huko mbele.

Tuanze na garimoshi lenyewe. Usidhani kwamba ni sanamu ya bati yenye mota ya betri tumboni. La. Ni mashine ya mvuke kamili, ila imepunguzwa kimo. Lina boila la shaba nyekundu, na katikati ya boila hupita bomba pana ambamo mwawaka moto wa gesi. Maji huchemka, mvuke hujikusanya juu, kisha hupita katika kilango kidogo kinachofunguliwa na kufungwa kwa mkono, ukaingia katika silinda mbili. Humo husukuma pistoni mbele na nyuma, pistoni husukuma vyuma vya kando, na vyuma huzungusha magurudumu. Mvuke uliochoka hutokea kwenye dohani, na ndio usikika ule mlio ambao wazee wetu wa Pugu na Ruvu waukumbuka hata leo.

Mashine hizi hutengenezwa na mafundi wachache. Mmoja wa viwanda vinavyojulikana ni Roundhouse, kilichoanza mwaka 1982 katika mji wa Doncaster, Uingereza. Na mji huo si mgeni wa kazi hii: ndiko lilikoundwa garimoshi liitwalo Flying Scotsman, mwaka 1923, na ndiko lilikoundwa Mallard, lile ambalo mwezi wa Julai 1938 lilikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mpaka leo hakuna garimoshi la mvuke lililoandikiwa mbio zaidi ya hizo. Bei ya garimoshi dogo jipya la Doncaster ni zaidi ya pauni elfu moja za Kiingereza, yaani mamilioni ya shilingi zetu. Nawaambieni bei mapema ili pasiwe na mtu wa kuuza ng'ombe.

Jambo moja linapendeza sana. Reli ndogo hizo, zile zinazotandazwa bustanini, mara nyingi zina upana wa milimita 45 kati ya chuma na chuma. Sasa piga hesabu. Reli yetu ya zamani, ile ya Kati, ina upana wa mita moja. Gawanya milimita 1,000 kwa 22 na nusu, utapata 44 na kitu. Kwa hiyo fundi akitengeneza kila kitu kwa kipimo cha moja kwa 22 na nusu, reli yake ya bustani ni picha ya reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Na akitumia kipimo cha moja kwa 32, reli ile ile ya milimita 45 huwa picha ya njia yetu mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Njia moja bustanini, nchi nzima ndani yake! Ila SGR huendeshwa kwa umeme, haina mvuke wa kuigwa.

Ukitaka mvuke wa kuigwa, tazama jumba la ukumbusho wa reli mjini Nairobi. Pale yamesimama magarimoshi mawili ya aina ya Garratt, namba 5918 na namba 5930. Ni ndugu wa ukoo wa 59, magarimoshi 34 yaliyoundwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32, nayo yalikuwa makubwa na yenye nguvu kuliko yote duniani katika reli ya mita moja. Yalipewa majina ya milima. Na haya mawili yaliyosalia, ingawa yamo Nairobi, yachukua majina ya milima ya kwetu: moja laitwa Mount Gelai, yaani mlima ule ulio kando ya Ziwa Natron, na la pili Mount Shengena, kilele cha Upare. Fundi akiliiga moja kwa kipimo nilichotaja, litakuwa na urefu wa mita 1 na sentimita 40. Ni kazi ya miaka.

Sasa tumrudie dereva.

Dereva wa garimoshi la mvuke ana mikono mingi ya chuma mbele yake, lakini iliyo mikuu ni miwili. Wa kwanza ni wa kilango cha mvuke: ukifungua kidogo garimoshi litakwenda polepole, ukifungua zaidi litavuta kwa nguvu. Wa pili ni mkono wa mbele na nyuma: ukiusukuma mbele garimoshi lakwenda mbele, ukiuvuta nyuma lakwenda nyuma, ukiuweka katikati halina njia. Kwa hiyo atakaye kuongoza garimoshi dogo kwa redio hana haja ya kutia vitu kumi. Atafute mikono miwili ya kushika vyuma hivyo viwili. Wengine huongeza mkono wa tatu wa kupiga honi. Hayo ni mapambo.

Wazo la kuamuru chombo kwa mawimbi ya redio si geni. Mwaka 1898 Nikola Tesla, bingwa wa umeme, aliionyesha mashua ndogo mjini New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, akaigeuza na kuisimamisha bila waya wala kamba. Wakati huo Reli ya Kati yetu ilikuwa haijapigiwa hata nyundo ya kwanza. Tangu siku hiyo mashine za redio zimezidi kupungua ukubwa, hata leo zaingia katika kiganja cha mtoto.

Mkono huo mdogo waitwa sevo. Ni kijisanduku cha ukubwa wa kibiriti au zaidi kidogo. Ndani yake mna mota, meno ya kupunguza mwendo, na kipimo kinachotambua mkono umefika wapi. Kipokezi cha redio hukipelekea kijisanduku hicho mapigo ya umeme kama 50 kila sekunde. Pigo likidumu elfu moja ya sekunde, mkono huenda upande mmoja. Likidumu elfu mbili, huenda upande wa pili. Likidumu elfu moja na nusu, mkono husimama katikati. Basi kidole chako kikisogeza fimbo ya rimoti robo, sevo nayo hugeuka robo na kukaa pale pale. Hapo ndipo penye siri yote. Mvuke hautaki amri ya ndiyo na siyo, wataka kidogo kidogo, kama dereva wa basi anayepanda kutoka Kimara kuja Mbezi, mguu wake hukanyaga na kulegeza, hukanyaga na kulegeza.

Kwa sababu hiyo rimoti ya gari la kuchezea, kama ile ya kijana wetu, haifai. Nyingi za rimoti hizo zajua maneno manne tu: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Ukibonyeza, mota yazunguka kwa nguvu zake zote, ukiacha, yasimama. Ukiifungia kwenye kilango cha mvuke utapata garimoshi linaloruka kama chura. Itakiwayo ni rimoti ya fimbo, ya namna ile ya ndege za kuchezea, tena yenye fimbo moja isiyorudishwa na springi, ili kilango kikae pale ulipokiacha.

Haya, tuseme umepata rimoti, kipokezi, sevo mbili, na betri nne ndogo za kuchaji, ambazo kwa pamoja hutoa volti 4.8. Utaviweka wapi? Wenye akili ndogo husema, "Ndani ya kibanda cha dereva, karibu na kilango." Pale ndipo penye joto kuliko pengine, maana mgongo wa boila umeelekea kibandani. Kijisanduku cha sevo ni plastiki, nayo plastiki hulainika na kupinda. Betri nazo huchukia joto. Mafundi hodari hufanya hivi: sevo ya kilango huwekwa kibandani, lakini chini au pembeni, isiguse boila, na kati yake na boila huachwa nafasi ya hewa, au huwekwa kipande cha ubao au kitambaa kisichoshika moto. Kipokezi na betri hupelekwa nyuma kabisa, katika kigari cha maji na makaa. Waya mwembamba huunganisha huku na huku, wenye plagi ya kuchomoa, ili magari hayo mawili yaweze kuachana siku ya kusafisha.

Kisha kuna mafuta. Silinda za mvuke zataka mafuta mazito, na chombo chake ni cha ajabu kwa urahisi wake. Mvuke kidogo huingia katika kikopo cha mafuta, hupoa, hugeuka maji. Na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, huzama chini na kuyainua mafuta juu, nayo humwagika tone kwa tone katika bomba la mvuke. Hakuna pampu, hakuna springi. Akina mama wapikao mchuzi wajua vema kwamba mafuta huelea! Lakini mafuta hayo mwisho hutoka dohani pamoja na mvuke, hunyunyiza kila kitu, kamera ya mgeni na shati la mwenyewe. Kwa hiyo kipokezi yafaa kifungwe katika mfuko wa plastiki au kipande cha mpira wa baiskeli, mdomo wake ukielekea chini.

Sasa antena, na hapa wengi hushindwa bila kujua kisa. Zamani rimoti zilitumia mawimbi ya megahetsi 27, ambayo wimbi lake moja lina urefu wa mita 11, na antena ilikuwa waya mrefu wa kuchosha. Redio za siku hizi hutumia gigahetsi 2.4, nalo wimbi lake halizidi sentimita 12 na nusu. Antena ya kipokezi ni kiuzi kifupi, na ncha yake inayofanya kazi ni kama sentimita 3 tu. Ni vizuri, lakini mawimbi mafupi hayapiti chuma. Ukikifungia kipokezi katika kigari cha shaba na kukifunika kwa bati, umekitia jela: garimoshi litatii likiwa miguuni pako, likifika upande wa pili wa bustani litakuwa kiziwi. Dawa yake ni kuitoa ncha ile nje ya chuma. Toboa tundu dogo, vaa kijimpira ili waya usikatwe na ukingo, kisha ifiche ncha katika lundo la makaa ya bandia juu ya kigari. Makaa hayo yawe ya mbao au plastiki, si ya chuma.

Kuunganisha sevo na kilango si kazi ngumu. Waya mgumu wa milimita moja na nusu hivi, umepindwa ncha zote mbili, wafaa kabisa. Lakini angalia kwanza kilango ni cha namna gani. Vingine ni vya skurubu, huzungushwa mara nyingi kama bomba la maji la zamani. Hivyo havifai, maana mkono wa sevo hauzunguki zaidi ya nusu duara. Sharti kiwe kilango kinachofunguka kwa mgeuzo mfupi.

Tena kuna jambo la kufunga. Kilango kikiwa kimekwisha kufungwa, na sevo bado inasukuma, sevo haitatulia. Itanguruma, itapata moto, italamba betri mpaka iishe. Kwa hiyo mwisho wa safari ya sevo lazima upimwe pamoja na mwisho wa safari ya kilango. Rimoti nzuri zina sehemu ya kupunguza mwendo wa kila upande. Na upimaji huo usifanywe mara moja tu asubuhi garimoshi likiwa baridi. Chuma kikipata moto hutanuka, na kilango kilichofunga vizuri kikiwa baridi chaweza kuvuja kikiwa cha moto. Pima baridi, kisha washa moto, pima tena. Wengine hutia kijispringi kidogo katika waya, kiwe kama mkono laini wa kupokea mapungufu ya vipimo. Nawaunga mkono.

Je, mawimbi yakikatika? Mtu amepita katikati, au rimoti imeishiwa betri, na garimoshi lina moto na mvuke. Redio nyingi za sasa zaweza kufundishwa amri ya mwisho: usiponisikia, funga kilango. Amri hiyo hutiwa siku ile kipokezi kinapojulishwa kwa rimoti yake, fimbo ikiwa mahali pa kufunga. Asiyefanya hivyo garimoshi lake litashika amri ya mwisho lililoisikia, na ikiwa ilikuwa "kimbia", litakimbia. Lakini fahamu tena: amri hiyo ni ya kipokezi, na kipokezi chaishi kwa betri. Betri ya ndani ya garimoshi ikifa, hakuna wa kusukuma sevo, na kilango chabaki wazi kilivyo. Kwa hiyo betri ya garimoshi huchajiwa kabla ya kila safari, hata kama jana ilikwenda dakika tano tu.

Angalia pia kwamba redio imechukua kazi ya dereva, haikuchukua kazi ya mchochea moto. Gesi, maji na mafuta ni kazi ya mkono wako mwenyewe. Gesi hujazwa nje, mbali na moto wowote, mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Tangi lake katika magarimoshi haya hupimwa ili gesi iishe kabla maji hayajaisha, maana boila kavu juu ya moto huharibika. Gesi ya mara moja hutosha kama dakika 20 au 30. Maji yawe ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa. Wale wenye visima vya chumvi waache kabisa kuyatumia maji hayo; watazame ndani ya birika zao wataelewa. Na safari ikianza, silinda bado za baridi, mvuke hugeuka maji ndani yake, na maji hayabanwi. Dereva wa redio husogeza mkono wa mbele na nyuma mara kadhaa, polepole, garimoshi likicheza mahali pamoja na kutema maji dohani, mpaka lipate pumzi safi.

Basi tumefika kwenye kopo.

Boila la Doncaster ni la shaba nyekundu, limeunganishwa kwa lehemu ya fedha isiyoyeyuka mpaka ifike nyuzi zaidi ya 600 za joto. Kabla ya kuwashwa hujazwa maji baridi na kukandamizwa kwa pampu mara mbili ya nguvu itakayochukua kazini. Lina geji ya kuonyesha nguvu, na lina valvu ya usalama inayojifungua yenyewe nguvu ikifika kama kilo 2.8 juu ya kila sentimita ya mraba. Waweza kusema hiyo ni nguvu ndogo, maana ile Mount Gelai ilichukua karibu kilo 16. Haya, chukua kopo la rangi lenye mfuniko wa upana wa sentimita 16. Eneo la mfuniko huo ni sentimita za mraba 200. Zidisha kwa 2.8. Utapata kilo 560, yaani magunia ya mahindi matano na zaidi ya nusu, yamekaa juu ya kifuniko kilichogongwa kwa nyundo! Kopo halitafika huko. Litapasuka njiani, na njiani ndipo mtoto alipoinama kutazama. Hata nguvu ya nusu kilo tu, ambayo hakuna jicho litakaloiona, ni gunia zima la kilo 100.

Wala si kopo peke yake lirukalo. Maji yaliyofungwa na kuchochewa moto hupita nyuzi 100 za joto bila kugeuka mvuke, kwa kuwa yamekandamizwa. Kwa nguvu ile ya kilo 2.8 huwa na nyuzi kama 142. Chombo kikipasuka, kifungo kimeondoka, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja. Lita moja ya maji ikigeuka yote huwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Sufuria ya presha ya kupikia maharage yastahimili kwa kuwa imeundwa kwa kazi hiyo na ina tundu la kupumulia. Kopo la rangi, kopo la maziwa, chupa ya soda, mtungi mtupu wa dawa ya mbu: hakuna hata kimoja kinachofaa kufungwa na kuwekwa motoni, hata kwa dakika moja, hata kikitobolewa tundu la msumari. Tundu huziba. Baba akiona bomba limefungwa kwenye kopo nyuma ya jiko, asingoje kuuliza ni la nini.

Lakini nisingependa asikie hayo tu kisha akamnyang'anya mtoto kila kitu, na rimoti akaitupa shimoni. Kazi yenyewe ina sehemu mbili, ya moto na ya baridi, nayo ya baridi yaweza kufanywa na mtoto wa darasa la sita. Kila kitu nilichokisema juu ya sevo, waya, antena na betri chaweza kujifunzwa pasipo tone la mvuke. Na sisi wa Mbezi tuna injini isiyohitaji mafuta wala gesi: vilima vyetu.

Chukua gari la waya, la namna ile watoto wetu wanayotengeneza tangu zamani, liwe imara, lenye magurudumu ya ndala. Ondoa usukani mrefu. Funga sevo moja mbele, mkono wake uvute ekseli kulia na kushoto. Sevo ya pili ifunge nyuma, mkono wake ukandamize kipande cha ndala kwenye gurudumu, kiwe breki. Liweke juu ya kilima kisicho na magari, liachie. Mteremko wasukuma, kama mvuke usukumavyo. Nawe kwa kidole chako walizuia na kulilegeza, ukitafuta mwendo mmoja toka juu hadi chini. Mtoto atakayelishusha gari lile kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kulisimamisha na bila kuliacha likimbie, mkono wake umekwisha kuwa wa dereva wa garimoshi, na siku atakayoletewa la Doncaster hataliangusha kwenye kona.

Sevo ndogo za plastiki, kama zile ziitwazo SG90, zenye uzito wa gramu 9, hupatikana Kariakoo kwa wauzao vifaa vya umeme kwa wanafunzi. Kwa gari la waya zatosha. Kwa garimoshi tafuta zenye meno ya chuma. Kitu cha gharama ni rimoti na kipokezi chake, na hicho chaweza kununuliwa na watoto watano kwa shirika, wakapokezana. Waya za sevo ni tatu: mwekundu ni wa chanya, mweusi au wa kahawia ni wa hasi, na ule wa manjano, machungwa au mweupe ndio unaochukua amri. Ukigeuza plagi sevo haitasikia, kwa hiyo tazama rangi kabla ya kuchomeka.

Wakati wa kuwasha, washa rimoti kwanza, kisha gari. Wakati wa kuzima, zima gari kwanza, kisha rimoti. Na fimbo ya breki iwe imekaza kabla hujagusa swichi yoyote.